Kuosha Picha Bila Maji: Chapa za Nyeusi na Nyeupe na Kumbukumbu za Majengo

Utangulizi

Katika miji ya Kenya, mtu anayetaka picha yake itolewe kwenye karatasi husema kwamba anakwenda "kuosha picha". Wengine husema "kusafisha picha". Semi hizi mbili zilizaliwa katika chumba cha giza. Humo, karatasi iliyopakwa chumvi za fedha ilitumbukizwa katika dawa ya kuidhihirisha picha, ikahamishiwa katika dawa ya kuikaza, kisha ikaoshwa kwa maji yanayotiririka hadi mabaki ya dawa yakaisha. Osho hilo la mwisho halikuwa pambo. Picha ambayo haikuoshwa vyema ilifanya madoa ya manjano na kufifia kabla ya wakati wake. Kwa hivyo, maji ndiyo yaliyoipa picha umri.

Usemi huo ungali unatumika leo katika vibanda vya picha mjini Nyeri, ingawa kibanda chenyewe hakina beseni wala mfereji. Kina tarakilishi, skana na printa ya wino, yaani ile mashine inayorusha matone madogo mno ya wino juu ya karatasi. Maji hayahitajiki tena, na zaidi ya hayo, chapa nyingi zinazotoka katika mashine hizo zikidondokewa na maji huchuruzika. Kazi imegeuka ilhali neno limebaki pale pale.

Makala haya yanashikilia kwamba mgeuko huo umezitia hatarini picha za kale za mitaa ya Majengo iliyo chini ya Mlima Kenya. Hatari hiyo haitokani na printa yenyewe. Inatokana na mazoea ya kuichukulia chapa ya nyeusi na nyeupe kana kwamba ni chapa ya rangi iliyonyimwa rangi, na nakala mpya kana kwamba imeiondolea picha ya asili kazi yake. Aidha, makala haya yanadai kwamba wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana wajibu katika suala hili, kwa sababu kunakili picha na kunakili muswada ni kazi za ukoo mmoja.

Majengo na ushahidi wa karatasi

Mji wa Nyeri ulianzishwa na Waingereza mwaka 1902. Kama ilivyotokea katika miji mingi ya kikoloni, kando ya ofisi na maduka palizuka mtaa wa Waafrika waliokuja kwa kazi na biashara: wapagazi, askari, wapishi na wachuuzi, wengi wao wakiwa Waislamu waliozungumza Kiswahili. Mtaa wa namna hiyo uliitwa Majengo. Si ajabu, basi, kwamba jina hilo hilo linapatikana Nanyuki, Meru na Embu, mbali na Majengo za Nairobi na Mombasa ambazo zinajulikana zaidi.

Mitaa hii imesahauliwa mara mbili. Wanaoandika historia ya eneo la Mlima Kenya huandika sana juu ya ardhi, walowezi na vita vya Mau Mau. Mswahili wa Nyeri hutajwa kwa kupitiwa tu. Wanaoandika juu ya Kiswahili na Waswahili, kwa upande wao, huelekeza macho Lamu, Mombasa na Unguja. Kiswahili cha bara huwajia kama lugha ya sokoni au ya shuleni, si lugha ya nyumbani iliyolelewa kwa vizazi kadhaa kati ya mashamba ya kahawa na chai. Majengo ya Nyeri inaangukia katikati ya vitabu hivi viwili, na hakuna kinachoiokota.

Penye upungufu wa maandishi, ushahidi huwa ni masimulizi na picha. Nyeri ina ushahidi wa mawe kwa baadhi ya watu. Liko kaburi la Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, aliyefariki tarehe 8 Januari 1941. Yako makaburi ya vita, ambayo hutunzwa pamoja na yale ya Nanyuki na kwingineko na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Lakini askari wa King's African Rifles aliyerejea salama kutoka Burma baada ya Vita vya Pili vya Dunia, akaishi, akazeeka na kuzikwa katika makaburi ya Waislamu bila jiwe lililochongwa jina, huenda alichoacha ni picha moja tu akiwa ndani ya sare yake. Wengine wana mawe. Huyu ana karatasi. Karatasi hiyo ikiharibika, hakuna mahali pengine pa kumtafutia.

Picha hizo huhifadhiwa kwa namna tofauti. Katika baadhi ya nyumba hutundikwa ukutani ndani ya fremu. Katika nyumba nyingine za Kiislamu, ambamo haipendezi kutundika sura za watu mahali panaposaliwa, hutiwa katika sanduku pamoja na vyeti vya ndoa na hati nyingine za familia. Sanduku lina heri yake, kwa kuwa giza huikinga picha na mwanga. Lina shari yake pia, maana baridi na manyunyu ya Nyeri, hasa ya mwezi Julai, huleta unyevu, na unyevu huleta ukungu na kuzigandisha picha zilizolaliana. Hapo ndipo mwenye picha anapoona heri aipeleke mjini ikatolewe nakala. Nia yake ni njema, na kasoro huanzia kibandani.

Kijivu si upungufu wa rangi

Ili kuielewa kasoro hiyo, yafaa kujua jinsi printa ya kawaida inavyofanya kazi. Mashine hiyo huwa na wino za rangi nne: samawati, majenta, manjano na nyeusi. Nyingine huongeza samawati hafifu na majenta hafifu ili ngozi za watu zitoke laini. Mashine inapopewa picha ya nyeusi na nyeupe bila maelekezo maalumu, aghalabu haitumii wino mweusi peke yake. Huchanganya samawati, majenta na manjano ili kuunda kijivu. Mchanganyiko huo ukiwa sawasawa, jicho huona kijivu. Ukipotoka kidogo, kwa sababu ya karatasi isiyolingana nao au wino wa bei nafuu uliojazwa kwa sindano, kijivu hugeuka ukijanikibichi au uwaridi. Chapa inayoonekana sawa chini ya taa ya kibanda huweza kuonekana ya rangi nyingine ikipelekwa juani, kwa kuwa kila wino huupokea mwanga kwa namna yake. Fauka ya hayo, wino hizo tatu hazifi siku moja. Moja ikififia mapema kuliko nyenzake, sura nzima ya mzee huhamia kwenye rangi ambayo haikuwa yake.

Kuna pia suala la umbile la wino. Wino wa printa ni wa aina mbili kuu. Aina ya kwanza ni rangi iliyoyeyuka kabisa ndani ya kimiminika, kama sukari inavyoyeyuka chaini. Wino huu hung'aa na ni rahisi, ila nyingi za wino za namna hii huvuliwa na mwanga, hewa na maji. Aina ya pili ni wino wa chembechembe, ambamo vumbi laini sana la rangi huelea bila kuyeyuka na hatimaye kukaa juu ya karatasi. Wino mweusi wa aina hii hutengenezwa kwa kaboni, na kaboni haiogopi jua wala maji.

Jambo hili halipaswi kuwa geni kwa mtu wa Majengo wala kwa mwanafunzi wa miswada ya Kiswahili. Waislamu wa Afrika Mashariki wanajua kombe: aya huandikwa kwa zafarani iliyochanganywa na marashi juu ya sahani, kisha huoshwa na mgonjwa akanywa maji yake. Huo ni wino unaoandikwa ili uoshwe. Wanajua pia kwamba kitabu cha kusomwa na wajukuu hakiandikwi kwa zafarani. Kwa karne nyingi, katika nchi za Kiislamu, waandishi walitumia wino wa masizi uliogandishwa kwa gundi ya mti, na masizi ni kaboni. Kwa hakika, wino mweusi wa chembechembe ni mjukuu wa wino ule wa masizi. Wanaochapisha picha ya pekee ya babu kwa wino unaoyeyuka wanaiandika kwa wino wa kombe, na pasipo na mgonjwa wa kunywa, kilichobaki ni kuoshwa tu.

Watengenezaji wa mashine walilitambua tatizo la kijivu zamani. Mwaka 2005, kampuni ya Epson ilitoa printa zilizotumia ngazi tatu za weusi: nyeusi, kijivu na kijivu hafifu, zote za wino wa chembechembe, pamoja na njia maalumu ya kuchapisha picha za nyeusi na nyeupe. Mwaka huo huo kampuni ya Kodak ilitangaza kwamba inaacha kutengeneza karatasi za nyeusi na nyeupe za chumba cha giza. Karatasi hizo hazijatoweka duniani, kwani kampuni ya Ilford ya Uingereza ingali inazitengeneza, lakini mwelekeo ulikuwa umekwisha kubadilika. Weusi na weupe haukufa. Ulihamia katika chombo kingine, nao ulihitaji ujuzi wake. Vibanda vingi vya Nyeri na miji jirani vilikipata chombo hicho bila kuupata ujuzi huo, na lawama si ya wenye vibanda peke yao. Wateja wao wengi hutaka picha za pasipoti na za harusi, zenye rangi na zinazotoka haraka, na mashine hununuliwa kwa kazi iliyopo.

Jina la kanga na sura ya Kimathi

Huenda msomaji akauliza: kuna hasara gani kijivu kikielekea kijani kidogo, almuradi mtu anatambulika? Jibu liko katika mambo mawili yanayomhusu mwanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja.

La kwanza ni kanga. Picha nyingi za wanawake wa mitaa ya Waswahili, za pwani na za bara, huwaonyesha wakiwa wamejifunga au kujitanda kanga. Kanga ina jina, yaani maandishi yaliyo karibu na pindo. Majina hayo hapo awali yalichapishwa kwa hati za Kiarabu, na baadaye kwa hati za Kirumi. Picha ya asili iliyosafishwa vyema katika chumba cha giza huweza kubeba herufi hizo kwa uwazi wa kusomeka kwa lenzi ya kukuzia, hata pale ambapo jicho tupu linaona mistari tu. Hivyo, picha ni ushahidi wa fasihi na wa lugha: ni semi gani zilifika Nyeri, kwa hati gani, na zilivaliwa na nani pamoja na nani. Nakala inapotolewa kwa pupa, skana ikaelekezwa kuchukua alama chache kwa kila inchi, na printa ikaunganisha ngazi kumi za kijivu kuwa tatu, jina la kanga hugeuka kuwa utepe wa giza. Mtu ametambulika, lakini usemi wake umenyamazishwa. Hali huwa mbaya zaidi pale fundi anapoamua kuitia picha rangi. Programu za siku hizi hukisia rangi kwa sekunde chache, na kisio hilo likishachapwa huwa ushahidi wa uongo: mjukuu ataapa kwamba bibi yake alivaa kanga nyekundu, na hakuna aliyepata kujua.

La pili ni sura ya Dedan Kimathi. Kimathi alikamatwa huko Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, akahukumiwa mjini humo, na kunyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Picha iliyopigwa baada ya kukamatwa kwake, akiwa amelala na pingu mikononi, imenakiliwa katika vitabu, magazeti, mabango na fulana kwa zaidi ya nusu karne. Wasomaji wa Mzalendo Kimathi, tafsiri ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1978, wanaijua sura hiyo hata kabla ya kuufungua mchezo. Lakini wengi wanaijua katika nakala ya nakala, ambamo vijivu vyote vimekwisha na kubaki weusi mtupu na weupe mtupu. Sura imekuwa nembo. Nembo ina kazi yake katika siasa na haidharauliki. Hata hivyo, kilichopotea njiani ni mtu: jeraha, uchovu, mikunjo ya ngozi na macho yanayomtazama mpigaji picha. Ikiwa picha mashuhuri namna hiyo huweza kumpoteza mtu wake kwa kunakiliwa ovyo, seuze picha ya fundi cherehani wa Majengo ambayo haina nakala ya pili popote.

Mnakili na mhariri

Fani ya fasihi ya Kiswahili imejengwa na wanakili. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo mwaka 1840, yangalikuwa yamepotea kwa sehemu kubwa lau Mwalimu Sikujua bin Abdallah asingaliyakusanya na kuyaandika kwa ajili ya mmishonari William Taylor katika karne ya 19. Ndiyo yaliyomwezesha W. Hichens kuchapisha diwani ya mshairi huyo mwaka 1940. Kila mwanafunzi aliyewahi kulinganisha miswada ya tendi anajua kwamba kila hati mpya ina inachokihifadhi na ina inachokipoteza. Anajua pia kwamba mhariri mwema hufanya mambo matatu: hueleza alichokibadilisha, hukiacha kigumu kama kilivyo pale asipokielewa, na haichomi hati aliyoinakili.

Kanuni hizi tatu zinatosha kumwongoza anayechapisha picha ya kale. Kwanza, abadiliko lolote lielezwe. Ikiwa mkwaruzo umezibwa, iandikwe kwamba umezibwa. Pili, kisichojulikana kisibuniwe. Uso uliofifia usichorewe macho mapya, wala ukuta wenye nyufa usibadilishwe kuwa bustani ya maua. Ni kweli kwamba wapo mafundi wa picha wa Afrika Mashariki waliojijengea sifa kwa kuunganisha na kupamba, kama Omar Said Bakor wa Lamu na kolaji zake. Lakini Bakor alitunga kazi mpya kwa jina lake. Hakumkabidhi mteja kazi hiyo kama nakala ya picha ya babu yake. Kutunga na kunakili ni kazi mbili, na zote mbili ni halali mradi zisivishane majina. Tatu, na hii ndiyo nzito zaidi, picha ya asili isitupwe. Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Nyuma ya mbachao huo huenda pana mhuri wa studio, tarehe iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi, au salamu za mtu aliyekuwa mbali. Hakuna printa inayonakili upande wa nyuma bila kuagizwa.

Ulinganisho huu si wa kujipendekezea. Zanzibar inaonyesha kinachowezekana pale mtu anapoyashikilia makusanyo ya asili. Capital Art Studio, iliyofunguliwa Unguja mwaka 1930 na Ranchhod Oza na kuendelezwa na mwanawe, imeuhifadhi na kuuchapisha upya utajiri wa picha za nyeusi na nyeupe za kisiwa hicho. Picha hizo zimewafikia watafiti na wageni kwa sababu za asili zilikuwepo za kurejelewa. Majengo ya Nyeri haina studio moja kubwa ya namna hiyo ya kuitegemea. Makusanyo yake yametawanyika katika masanduku ya watu, na ndiyo maana kila kosa la nakala huko huuma zaidi.

Hoja za wanaopinga

Zipo hoja tatu ambazo hutolewa dhidi ya msimamo huu, na zinastahili kujibiwa kwa haki.

Hoja ya kwanza ni gharama. Printa yenye ngazi kadhaa za kijivu pamoja na wino wake wa chembechembe ni ghali, na mkaazi wa Majengo ana karo ya shule na kodi ya nyumba ya kulipa. Hoja hii ni ya kweli, ila haifungi njia. Printa nyingi za ofisini zina wino mweusi wa chembechembe hata kama wino zake za rangi ni za kuyeyuka. Fundi akiiagiza mashine ichapishe kwa weusi pekee, juu ya karatasi isiyong'aa ambayo haina tindikali, atapata chapa isiyoelekea kijani wala waridi, isiyochuruzika majini, na itakayoishi kupita ile ya kung'aa. Ina kasoro moja: katika sehemu nyeupe, kama vile kanzu na mashavu yaliyopigwa na mwanga, vitone vya wino huonekana vikitawanyika kama chengachenga. Hiyo ni kasoro ya sura, si ya umri. Ni afadhali babu mwenye chengachenga kuliko babu aliyetoweka. Fundi makini vilevile hutoa kwanza kipande kidogo cha majaribio, akakiacha kikauke, akakitazama mchana nje ya kibanda, ndipo akachapisha picha nzima. Kipande hicho hakigharimu kitu cha kutajwa.

Hoja ya pili husema kwamba wateja wenyewe wanataka rangi, kwa kuwa picha yenye rangi ina uhai. Haipaswi kumkataza mtu kupamba ukuta wake apendavyo. Itolewe chapa ya rangi kwa ajili ya ukuta, na itolewe pia chapa aminifu kwa ajili ya sanduku. Kinachopingwa hapa ni ile ya kwanza kuchukua nafasi ya ile ya pili bila mwenye picha kuelezwa tofauti.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu zaidi. Husemwa kwamba kuchapisha kumepitwa na wakati. Picha ikishapigwa kwa simu na kutumiwa ndugu wote, imehifadhika. Ukweli ni kwamba picha ya namna hiyo imesambaa, na kusambaa si kuhifadhika. Mitandao ya kutumiana ujumbe huipunguza picha ili ipite upesi, kwa hivyo kinachowafikia ndugu ni kivuli cha kile kilichotumwa. Simu huibwa, huanguka majini na hubadilishwa. Faili iliyo salama leo huhitaji mtu wa kuihamisha kutoka chombo hadi chombo kila baada ya miaka michache, na katika familia nyingi hakuna mtu aliyepewa kazi hiyo. Chapa njema huweza kusahauliwa sandukuni miaka hamsini na bado ikasomeka bila umeme wala nywila. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lililofungwa ndani ya simu iliyokufa halina tofauti na daftari lisilokuwepo.

Linalowezekana

Chini ya Mlima Kenya na pambizoni mwake kuna vyuo vikuu kadhaa, vikiwemo Karatina na Dedan Kimathi katika kaunti ya Nyeri, na vingine Meru, Embu na Chuka. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vimezoea kuandaa makongamano, mashindano ya ushairi na ziara za pwani. Ziara ya Lamu ni njema. Lakini ni jambo la kushangaza kwamba basi la wanafunzi huondoka alfajiri, likapita karibu na Majengo bila kusimama, likasafiri siku nzima kwenda kuwatafuta Waswahili.

Inapendekezwa kwamba chama kimoja kikianza, kianze kwa mtaa mmoja. Skana ipelekwe mtaani, picha zisiondolewe nyumbani kwa wenyewe. Kila picha inakiliwe mbele na nyuma, kwa alama zisizopungua 600 kwa kila inchi, na faili ya awali ihifadhiwe bila kuguswa. Zitolewe chapa mbili za wino wa chembechembe: moja ya familia na moja ya maktaba ya idara, kwa idhini ya familia na kwa masharti itakayoyaweka. Wapo wanawake ambao hawataki sura zao za ujana zionwe na wageni, na kauli yao iwe ndiyo ya mwisho. Chapa ikauke angalau siku nzima kabla ya kufungiwa kiooni, na kioo kisigusane na wino. Mwisho, na hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili asipokuwa na mbadala, yachukuliwe maelezo ya picha kwa Kiswahili cha mzee mwenyewe: nani yuko kushoto, harusi ilikuwa ya nani, kanga ilisema nini, na sare ile ilivaliwa wapi. Maelezo hayo yaandikwe kwa kalamu ya risasi nyuma ya chapa, kwenye ukingo, na kwa ukamilifu katika daftari la idara.

Idara nazo zina la kufanya. Somo la uhariri wa miswada lifunguliwe mlango upande wa picha, ili mtahiniwa aweze kuandika tasnifu juu ya majina ya kanga katika picha za Majengo ya Nanyuki kwa uzito ule ule wa anayeandika juu ya hati za Siyu au Pate.

Hitimisho

Makala haya hayakutetea chumba cha giza kirudi, wala hayakuilaumu printa. Printa ya wino ikitumiwa kwa maarifa hutoa kijivu chenye ngazi za kutosha kuihifadhi mikunjo ya kanzu na herufi za kanga, kwa wino ambao mwanga na maji havitaushinda upesi. Ikitumiwa kwa pupa, huifuta sura kwa utaratibu, na mwenye picha haigundui hasara hadi chapa inapoanza kugeuka rangi, wakati ambapo picha ya asili imekwisha kutupwa. Tofauti kati ya hali hizi mbili haizidi dakika chache za kazi na uamuzi wa kuchagua wino.

Wazee wa Majengo walioziona studio za zamani kwa macho yao wanapungua mwaka baada ya mwaka, na wao ndio wanaojua majina ya waliomo pichani. Chapa iliyo bora kuliko zote, isiyo na jina nyuma yake, ni sura ya mtu asiyejulikana. Kwa sababu hiyo kazi hii haiwezi kuachiwa kizazi kijacho cha wanafunzi, ambacho huenda kikawa na mashine bora zaidi lakini kisiwe na wa kumuuliza.